Inchi Mbili za Mama Shiro

Sasa mimi sina kochi wa mazoezi, kochi wangu ni tepu. Jimu yetu hapa Kayole ni mabati tu na vyuma, na vyuma vyenyewe vingine ni mikebe ya rangi imejazwa simiti, halafu kioo ni kimoja na kimepasuka katikati, ukisimama vibaya unajiona na mikono mitatu. Huwezi amini kioo kama hicho. Ndio nikaamua ni namba tu. Kila Jumapili asubuhi kabla sijagusa chuma (ukipima ukitoka mazoezi msuli umejaa damu, unajidanganya, hiyo mimi najua, usinifunze), nashuka kwa Mama Shiro, fundi wa nguo hapo chini ya ploti, nakopa tepu, nazungusha kwa mkono, naandika kwa kitabu.

Miezi minne ni 13. Kumi na tatu, kumi na tatu, hadi nikaanza kuichukia hiyo namba. Halafu Jumapili moja, paap, 15 na robo!

Mazee. Nikarudia mara tatu. Shingo, imeongezeka inchi mbili. Paja, mbili. Kiuno mbili, hiyo nikawachia ugali. Mtu na akili zake hapo angeshtuka, lakini mimi nikainama nikapima hadi kifundo cha mguu, nacho kimeongezeka mbili, nikasema ahaa, hizo ni skwati.

Wiki hiyo nilitembea mikono imeachana na mbavu kama nimebeba mitungi ya maji. Kwa matatu nikanung'unika viti vimekuwa vidogo. Na vile kulikuwa na ruracio (sherehe ya mahari) ya binamu yangu Murang'a, nikaenda kwa Mama Shiro anishonee shati. Akachukua tepu anipime, nikamzuia. "Mama Shiro usisumbuke, vipimo niko navyo," nikamsomea kitabu chote kwa sauti, mpaka wateja wake wasikie. Akaniangalia tu hivi, akasema haya.

Shati nikalichukua usiku, nikalivaa asubuhi tayari tuko kwa gari. Kola inazunguka shingo bila kuigusa. Huko Murang'a upepo ukaingia kwa mkono mmoja ukatokea kwa ule mwingine, na mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa kama kwaya yetu itaimba kabla ya chakula ama baadaye.

Jumatatu nikashuka nimekasirika.

"Kijana, si hiyo tepu ililiwa na mashine huku mbele, nikakata inchi mbili? Mimi huanzia kwa mbili."

"Na mbona hukuniambia?"

"Si ulisema nisisumbuke."

Akanipima vizuri, taratibu, miwani puani. 13 na robo. Nikamwambia aangalie tena hiyo robo. Akaangalia. Iko.

Kupunguza shati, mia mbili.