Wota pampu nimebadilisha mwenyewe nyumbani, na ntarudia tena

Naanza na doa. Asubuhi moja natoa gari nakuta chini kwenye pavingi, upande wa mbele kulia, kuna doa la pinki saizi ya kizibo cha soda. Nikapuuza, Dar hii AC inadondosha maji kila siku nani anahangaika na doa. Siku ya tatu limefika saizi ya sahani, nikachovya kidole nikasugua, linateleza. Maji ya AC hayatelezi. Hapo ndo nikajua kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, inanikimbia.

Gari yenyewe ni Toyota IST, toleo la kwanza, injini 1NZ, yani gari ambayo ukirusha jiwe Tabata linaangukia moja. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaani, akainama sekunde kumi akasema "bosi, hiyo ongeza maji tu, ikizidi ntakupiga silikoni." Sina ugomvi nae, kanisaidia mengi na usiku wa manane anapokea simu. Ila hilo la silikoni, yani kuziba kwa gundi, nlikuwa nimeshawahi kuliona mwisho wake kwenye gari ya shemeji yangu, kwa iyo nikarudi nyumbani na doa langu.

Kwa wasiojua, wota pampu ndo inazungusha kulanti ndani ya injini, na ina kitundu kidogo kwenye bodi, kwa chini. Ndani kuna sili inayozuia maji yasifike kwenye beringi, ikichoka maji yanatolewa nje kupitia kile kitundu badala ya kuingia kuua beringi. Kitundu kikianza kudondosha maana yake pampu inaaga. Sasa mtu anakuja na gundi ya chuma anakiziba, anajisifu amekata uvujaji, kumbe maji yanabaki humohumo yanaosha grisi yote, wiki mbili baadae beringi inalia kama mashine ya kusaga, mkanda unaruka, gari inachemsha katikati ya foleni ya Ubungo na hedi inapinda. Pampu ilikuwa inaomba ibadilishwe kistaarabu.

Maoni yangu ndo haya, na najua mafundi watanirushia spana. Ile kazi haina ugumu wa kiufundi, ugumu wake ni uvumilivu, na uvumilivu ndo kitu pekee ambacho fundi anayelipwa kwa kila gari anayomaliza hawezi kukuuzia. Yeye ana gari nne zinasubiri kwenye foleni. Mimi nina Jumamosi nzima na kiti cha plastiki.

Basi Ijumaa nikashuka Kariakoo, mitaa ya Gerezani kule kwenye maduka ya spea. Jiandae, maana utaonyeshwa pampu tatu zinafanana kama mapacha, bei ya juu ni zaidi ya mara mbili ya ile ya chini, na zote unaambiwa jenuini. Mimi nikachukua ya kampuni ya Aisin, nikaizungusha kwa mkono pale pale dukani, inatakiwa izunguke nzito kidogo na laini bila kukwaruza, na shafti isicheze hata ukiisukuma pembeni. Ile ya bei rahisi ilikuwa inazunguka kama feni. Muuzaji akaniambia "kaka hiyo nyepesi ndo nzuri haikuli mafuta." Nikacheka nikalipa.

Jumamosi saa mbili asubuhi injini imelala usiku kucha, imepoa kabisa. Hili msifanyie mzaha jamani, kifuniko cha rejeta kinashikilia presha, maji mle ndani yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua ya moto yanakurukia usoni. Nikatoa tairi la kulia mbele, gari nikaiweka juu ya stendi maana jeki peke yake siiamini, nikatoa na ile plastiki ya pembeni. Nikafungua kibomba cha chini cha rejeta kumwaga maji kwenye besheni. Hapo nikamfukuza kuku wa jirani mara mbili. Kulanti ni tamu na ni sumu, kuku, paka, hata mtoto akionja ni habari nyingine, kwa iyo besheni lifunikwe na msimwage mferejini.

Kosa la kwanza nililifanya mapema tu, nikatoa mkanda kabla sijalegeza bolti za puli, lile gurudumu la pampu linalozungushwa na mkanda. Puli ikawa inazunguka na spana, kila nikivuta inanifuata. Nikarudisha mkanda, nikaukaza, afu ndo bolti zikalegea, maana mkanda unaishika puli isizunguke. Nusu saa imeenda hapo. Mzee wa nyumba ya pili akapita na bakora yake akasimama akasema "mwanangu, gari ya Mjapani haichokonolewi hovyo." Nikamwambia shikamoo mzee, akaitikia, akavuta kiti. Hakuondoka mpaka saa saba.

Pampu yenyewe kwenye 1NZ imeshikwa na bolti tatu na nati mbili, basi. Inaendeshwa na mkanda wa nje na haigusi taiming kabisa, yani ule mpangilio wa valvu na pistoni, ndo maana nathubutu. Kama una Rav4 ya miaka ya 90 au Ipsum yenye 3S, pampu yako inazungushwa na taiming belti, hiyo mimi singeifungua uani kwangu, ukikosea alama umevuruga taiming ya injini nzima, mpelekee anayeijua. Bolti nlizichomeka kwenye kipande cha boksi nilichochora umbo la pampu, kila moja na tundu lake, kwa sababu urefu haulingani na ukiweka ndefu kwenye tundu la fupi umetafuta balaa.

Afu ndo ikaja kazi yenyewe ambayo nasema hakuna fundi atakufanyia. Kukwangua. Ile sura ya bloku, yani mwili wa injini, pale pampu inapokaa ilikuwa na tabaka la gasketi ya zamani na juu yake silikoni nyekundu ya mtu fulani wa zamani, imeganda kama ugali wa jana. Bloku ni aluminiamu, ukiikwangua na bisibisi umeitia mifereji na gasketi mpya haitokaa iizibe. Nikatumia kadi ya benki iliyoisha muda wake, kitambaa na petroli kidogo, saa nzima na dakika zake, mpaka kucha ikipita haikwami popote. Gasketi mpya inakuja na pampu, nikaiweka kavu bila silikoni. Silikoni inayobinuka kwa ndani inakatika inaenda kukaa kwenye rejeta, na kweli nilipoangalia mpira wa chini wa rejeta nilitoa kipande kama cha funza.

Nilipofika hapo nikasema ngoja nifungue na nyumba ya themostati. Tupu! Kuna mtu aliitoa kabla sijanunua gari, ule wimbo wa "nchi yetu ya joto haihitaji." Jamani. Themostati ya hii injini inafunguka kwenye nyuzi kama 82, kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuibakisha hapo. Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, kompyuta ya gari inadhani injini bado ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta. Mwaka mzima nlikuwa namlaumu muuza mafuta. Nikamtuma bodaboda akaniletea mpya.

Bolti za pampu ni za kukaza kwa adabu, Nm 11 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), hiyo ni nguvu ya kiganja. Spana ndefu na hasira ndo zinakata nyuzi za aluminiamu.

Kujaza nako kuna mambo. Nikamimina kulanti polepole, kifuniko wazi, nikawasha, hita nikaiweka mwisho, nikawa naminya mpira wa juu na wa chini kutoa hewa, mapovu yanatoka bluku bluku, naongeza, mpaka feni ikawaka na kuzima mara mbili. Asubuhi yake chupa ya akiba ilikuwa imeshuka chini ya alama, nikashtuka, kumbe ni hewa iliyobaki ilikuwa inatoka. Nikaongeza, haikushuka tena. Mnaoweka maji ya kisima cha chumvi mkisema huku hakuna barafu, kulanti haipo kwa ajili ya barafu peke yake, ina dawa ya kutu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Mapanga ya pampu yangu ya zamani yalikuwa yameliwa kingo zote, ya kahawia, mepesi kama biskuti.

Nimemaliza saa kumi na moja jioni. Gereji ingekuwa kazi ya masaa mawili. Wiki iliyofuata nilipanda mlima Kitonga na familia, AC imewashwa, nyuma ya lori la mbao linalotembea kama maiti, sikusimama hata mara moja, ila mama watoto anasema nilikuwa naangalia deshbodi kuliko barabara.

Yule fundi alipita juzi, nikamuonyesha pampu ya zamani. Akaizungusha, ikalia krrr, akacheka akasema "sasa bosi mbona hukuniita nikushikie tochi?" Nimemwambia shokamzoba za nyuma ni zake, zile siziwezi.