Rudi Nyuma, Lakini Nyuma Ipi?

Jana nimefundishwa tena, na kijana aliyenunua kamera majuzi tu, kwamba anayepiga picha ya ghorofa hurudi nyuma kwanza, kisha huishika kamera sawasawa bila kuielekeza juu, kwa sababu ukiiinua kuta hubanana kileleni na jengo zima huonekana linaanguka chali. Elimu hiyo siikatai. Ninachoomba kuelekezwa ni nyuma ipi anayoizungumzia, maana hapa Barabara ya Samora, Dar es Salaam, nyuma yangu kuna bajaji, nyuma ya bajaji kuna meza ya soksi, na nyuma ya meza kuna mtaro ambao kifuniko chake sote tunajua kilikokwenda. Nyaya za umeme sizitaji.

Heri kanisa la Azania Front, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuwa linaangalia bandari, na mtu aliye majini hupata umbali wote anaoutaka, akauweka mnara pembeni kidogo ya picha huku jua la asubuhi likiviwasha vigae vyekundu. Tatizo ni kwamba pantoni haimsubiri msanii.

Sasa, asubuhi hiyohiyo, mimi mtu mzima mwenye miwani na shati la kuchomekea, nilisimama mbele ya ghorofa moja la vioo, na mlinzi akanijia na rungu kwapani.

“Shikamoo mzee. Unapiga nini?”

“Marahaba. Jengo.”

“La nani?”

Nikamweleza kwa utulivu kwamba nimesimama njiani, na kwamba uso wa jengo hutazamwa na kila apitaye. Akajibu kuwa uso ni wa jengo, jengo ni la bosi, kwa hiyo uso ni wa bosi. Ningekuwa na simu angeniacha, alisema, lakini kamera ina nia. Akainyakua, akatazama kioo chake, akasikitika kwa dhati.

“Mzee, umelikata miguu! Tena jua liko nyuma yake, litatoka jeusi. Njoo saa kumi na moja jioni, ukuta huu wote unang’aa. Na mtu asimame mlangoni, urefu ujulikane.”

Mtu huyo, bila shaka, alikuwa yeye. Alikwenda mlangoni, akavimbisha kifua, akaniamuru nichuchumae, nisichuchumae sana, nisogee kushoto gari lisionekane. Ndipo gari la bosi likaingia, naye akanifukuza kwa sauti ya kusikika hadi Posta.

Nikaenda zangu Kariakoo, kulipiga paa la soko lile alilolisanifu Beda Amuli, lenye miavuli ya zege iliyopinduliwa ili kukusanya maji ya mvua, ambalo kutoka chini huwezi kulipata vizuri, ni lazima upande ghorofa la jirani. Ngazi nazo zina mwenyewe. Alitaka elfu tano, nikaomba risiti, akacheka hadi akakaa.