Tovuti ya maktaba: ukurasa wa kwanza ni wa nani?

Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliundwa kwa sheria mwaka 1963, na Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu, Dar es Salaam. Swali la msomaji ni lilelile tangu siku hizo: kitabu kipo? Siku hizi analiuliza akiwa ndani ya daladala, bando likikaribia kuisha. Kwa hiyo ubishi kuhusu sura ya tovuti ya maktaba ya umma hauwezi kuachiwa mafundi wa kompyuta peke yao.

Upande mmoja unataka ukurasa mwepesi: kisanduku cha kutafutia vitabu juu kabisa, saa za kufungua, maktaba ilipo, utaratibu wa kujiunga, basi. Upande wa pili unasema maktaba ni taasisi ya umma, na wananchi wana haki ya kuona matangazo ya zabuni, nafasi za kazi na ripoti za mwaka. Hoja hii si ya kubezwa. Tatizo ni inakotufikisha: ukurasa wa kwanza unajaa picha kubwa za mikutano zinazopokezana, huku katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, ikifichwa ndani ya menyu. Anayefuatilia zabuni atatafuta mpaka apate, maana ana biashara yake. Mama anayemtafutia mwanawe kitabu cha hisabati cha kidato cha pili hana muda huo.

Hata hivyo, wanaodai wepesi nao huishia njiani. Chukua mtu anayeandika "ufugaji wa kuku". Maktabani kipo kitabu cha Kiswahili kinachomfaa, ila jina lake linataja mifugo kwa jumla, na mkutubi aliyekiorodhesha alijaza mada kwa Kiingereza, kwa sababu orodha ya mada aliyofundishwa kuitumia ni ya Kiingereza. Jibu linakuja: hakuna kilichopatikana. Msomaji anaondoka akiamini maktaba haina kitu, na kitabu kinabaki rafuni. Hapo uzuri wa ukurasa haujamsaidia chochote. Dawa ni kuingiza mada za Kiswahili katika rekodi, kitabu kwa kitabu, kazi ya miezi na miezi ambayo hakuna mgeni rasmi atakayeizindua. Kama fedha ni chache, mimi ningezipeleka huko kwanza.

Kuhusu programu, sioni ugomvi mkubwa. Koha, programu ya kuendeshea katalogi na uazimaji wa vitabu iliyoanzia New Zealand mwaka 1999, haina ada ya leseni, na kurasa zake za kutafutia hufunguka vizuri kwenye simu. Wanaoipinga husema bado inahitaji seva na mtaalamu wa kuitunza. Ni kweli, lakini ya kulipia nayo haijitunzi.

Kigumu zaidi ni ukweli wa neno "kipo". Mtu akitoka Mbagala mpaka mjini kwa sababu tovuti imemwambia kitabu kipo, kisha akakuta kiliazimwa wiki iliyopita, hataiamini tena. Kila kitabu kinachotoka au kurudi lazima kiingizwe kwenye mfumo papo hapo, mezani. Tawi ambalo bado linaandika kwenye daftari lisijifanye limefika huko. Tovuti iseme wazi kwamba kwa tawi hilo msomaji apige simu kwanza, na namba iwekwe palepale, ya mkutubi anayekaa na hilo daftari.