Ua Dogo la Shemeji

Shemeji yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo mwezi wa pili, akanipa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimesafiri ndani ya soksi. "Mbegu za ua hizo, shemeji. Zitunze." Juu yake ameandika kwa kalamu: Tagetes minuta. Basi, hakuna picha, hakuna maelezo.

Mimi si mtu wa kushindwa na maneno mawili. Nikafungua simu, nikaandika neno la kwanza. Yakatokea yale maua ya rangi ya machungwa, yamejaa duara kama vishada vya sufi. La pili nikalitafuta peke yake: Kilatini, maana yake "dogo". Hesabu imekubali! Maua mazuri, mafupi, ya kuishia magotini. Na mdogo wangu alikuwa anaolewa Julai, hapa hapa nyumbani Busia, wakwe wanatoka Iganga. Nikaiona njia yote kutoka getini hadi barazani imepambwa pande mbili, bwana harusi anapita katikati kama rais.

Mvua za Machi zikanikuta na kitalu tayari. Nikahamisha miche, shubiri moja moja, mistari miwili iliyonyooka. Mbolea ya mbuzi nikainunua. Mke wangu akauliza mbona sukuma zake hazijawahi kupata mbolea. Nikamwambia asubiri Julai.

Mwezi wa tano yakafika magotini. Nikashukuru, nikasema sasa yamekoma. Mwezi wa sita yakafika kifuani. Nikaanza kuyasemesha. Siku moja mbuzi wa jirani akaingia, akala sukuma zote, akapita katikati ya maua yangu bila kugusa jani. Nikadhani ni heshima.

Wiki mbili kabla ya harusi yalikuwa yamenipita kichwa, na mtu akisimama getini haoni mlango. Ndipo mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji chetu, akaja na vijana wawili.

"Mwanangu, tumeletewa maneno."

"Maneno gani, mzee?"

Hakujibu. Aliyatazama yale majani membamba yenye meno ubavuni, kisha akanitazama mimi, kisha tena majani. Nikaelewa. Jasho likanitoka. Nikajitetea kwamba ni maua ya harusi. Kijana mmoja akauliza, "Maua yenyewe yako wapi?" Kwa kweli hata mimi nilikuwa najiuliza. Huko juu kulikuwa na vijibomba vyembamba vya rangi ya kijani, kila kimoja kimechomoza vipetali vitatu vya njano iliyofifia, ukipiga chafya havionekani tena.

Aliyeniokoa ni shangazi, aliyekuja kutoka Bombo kusaidia jikoni. Akatoka na mwiko mkononi, akachuma jani, akaliinua kwenye jua. "Mwenyekiti, bangi vidole vyake vinatokea mahali pamoja kama kiganja. Hili limepangwa kushoto na kulia kama unyoya wa kuku. Tazama na hivi vitone vya mafuta." Kisha akalifikicha, akamsogezea mzee puani. Mzee akarudi nyuma hatua tatu, macho yanatoka machozi.

"Kawunyira!" akasema.

"Kawunyira," shangazi akaitika. Akanigeukia. "Wewe, umenunulia kawunyira mbolea?"

Ile ile tunayoiweka kwenye viota vya kuku kufukuza utitiri. Ile ile iliyoota nyuma ya choo chetu bila kuomba ruhusa! Baadaye ndipo nikasoma vizuri: asili yake ni Amerika Kusini, huko Peru wanaiita huacatay na kuisagia mchuzi, ndiyo maana Wazungu wanauziana mbegu. Na lile jina, alilitoa bwana mmoja wa Uswidi, Linnaeus, mwaka 1753. Udogo aliousema ni wa ua. Shina la mita mbili hakulisemea kitu.

Mke wangu alitaka tung'oe. Nikakataa, si kwa ubishi, ni kwamba uzio wa upande ule ulikuwa umeanguka na yale magugu ndiyo yalikuwa ukuta. Siku ya harusi wakwe wakaingia mmoja mmoja kwa ubavu, kanzu nyeupe pe. Wakatokea barazani wamejaa mbegu nyeusi kama sindano, kutoka begani hadi pindoni, na harufu yao imetangulia. Wapishi wakadhani pilau imeungua. Bwana harusi alichambuliwa mbegu na mashangazi wanne kabla ya kutoa mkono kwa shehe.

Ami yake, mfugaji wa kuku, ndiye pekee aliyefurahi. Aliondoka na buti ya gari imejaa.

Jioni shemeji akatuma ujumbe: "Yale maua yalitoka?" Nikamtumia picha ya bwana harusi getini, kaingia katikati ya msitu, inaonekana kofia tu.

Akajibu, "Mashallah. Sasa maua ni yapi?"