Dawa ya Virusi Inapoichochea Kinga Kuushambulia Mwili

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa takriban miongo miwili, tiba ya homa ya ini aina ya C ilitegemea sindano za interferoni, ambazo baadaye ziliambatanishwa na vidonge vya ribavirini. Interferoni hufanya kazi hasa kwa kuiamsha kinga ya mwili ipambane na virusi, na kinga iliyochochewa hivyo kwa wiki 24 au 48 mfululizo ilifikia, kwa baadhi ya wagonjwa, kuzigeukia tishu za mwili wenyewe. Tezi ya shingo ndiyo iliyoathirika zaidi, ama kwa kumwaga homoni kupita kiasi au kwa kupungukiwa nazo. Wachache walipata kisukari aina ya 1, ambacho kwa kawaida hubaki hata sindano zikisimamishwa.

Wanaoitetea tiba hiyo wana hoja nzito: homa ya ini C isiyotibiwa huweza kuishia kwenye saratani, ilhali tezi iliyopungukiwa homoni hutibika kwa kidonge cha kila siku. Tena virusi vyenyewe huvuruga kinga, kwani huweza kusababisha protini ziitwazo krayoglobulini, zinazodhuru mishipa midogo ya damu na figo. Si kila ugonjwa uliozuka wakati wa tiba, basi, ulitokana na dawa. Nakubali, lakini kwa virusi vya kundi la 1, mojawapo ya makundi ya kijenetiki ya virusi vya homa ya ini C, takriban nusu tu ya wagonjwa ndio waliopona, kwa hiyo mtu aliweza kubaki na virusi vyake na ugonjwa mpya juu yake. Kinachoniuma ni kwamba hatari ya tezi ingeweza kukadiriwa mapema: wanawake, na wenye kingamwili (protini za kinga) dhidi ya tezi kabla ya tiba, walikuwa hatarini zaidi, na kingamwili hizo huonekana kwa kipimo cha damu.

Sofosbuviri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, huzuia kimeng'enya cha virusi bila kuichochea kinga, na ikiunganishwa na dawa nyingine za aina yake huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Hata hivyo suala halijafungwa, kwa sababu interferoni bado hutumika kwa homa ya ini D na kwa baadhi ya wagonjwa wa B.

Upande wa VVU mizani ni tofauti. Ugonjwa wa Graves, unaoifanya tezi izidishe homoni, huweza kujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya kuanza ARV, kinga inapojijenga upya. Hapo kuacha dawa kungeirudisha hatari kubwa zaidi. Tezi hutibiwa huku ARV zikiendelea.