Deki ya Boti Imenishinda Jamani

Jamani nipeni pole. Wenzangu hapa Mbeya wakipata vijisenti wananunua bajaji, mimi nikanunua boti ya tanga, ya faibaglasi, kuukuu, imelala ufukweni Matema, Ziwa Nyasa. Shemeji yangu wa hukohuko ndo aliyenijaza: "Shem, faibaglasi haiozi, huo sio mtumbwi." Kweli haiozi. Ila hakusema deki yake, ile sakafu ya juu unayokanyaga, ni kama sandwichi, ganda juu, ganda chini, katikati mbao laini ya balsa, nyepesi kama bisi, na hiyo sasa inaoza mpaka basi.

Siku hiyo nakanyaga karibu na mlingoti naona inabonyea kama godoro la gesti. Nikachukua nyundo nikawa nagonga kama mtu anayechagua tikiti Mwanjelwa: ko, ko, ko... pu. Nikasogea, pu. Pu mpaka kule mbele!

Kumbe maji yamepitia kwenye tundu za skrubu, mwenye boti wa zamani kila akitaka kufunga kitu anatoboa, anapaka silikoni, anaondoka zake, silikoni ikichoka mvua ya Kyela inamalizia, na mvua ya Kyela mnaijua.

Nikamtoa fundi bodi wa magari Mbeya, nauli yangu, ugali wangu. Akakata ganda la juu kwa grainda tukalibandua zima kama kifuniko, akasema tulitunze, ndo litarudi juu. Chini yake uji mweusi, harufu ya gunia lililolowa. Tumeukwangua kwa patasi na kijiko (cha mama watoto, msimwambie). Kukausha sasa! Ukifunua asubuhi, saa nane wingu linashuka kutoka milima ya Livingstone kama limepigiwa simu.

Balsa nimeulizia Mbeya nzima, duka moja wakanipa dawa ya kuchua mgongo. Hardwea wakaniuzia marine boadi, nikafurahi, jina la bahari kabisa, fundi akacheka, "Bosi, hii ya kumwagia lenta." Tukaishia plaiwudi.

Epoksi nayo, ile gundi ya kuchanganya, ina hasira, nilichanganya kopo zima kwa pupa, na lile joto la ziwani, ikaanza kutoa moshi mkononi nikaitupa mchangani. Halafu zile tundu za skrubu, ili maji yasipenye tena: unatoboa kubwa zaidi, unajaza epoksi, ikikauka unatoboa tena katikati. Yaani namlipa mtu atoboe tundu, azibe tundu, atoboe tundu.

Mama watoto nikimwambia nashinda Matema kwa ajili ya deki ananiuliza, "Na hapa nyumbani utapiga deki lini?"

Juzi sasa ndo siku ya kurudisha ganda. Fundi: "Bosi, ganda liko wapi?" Nikamgeukia shemeji, shemeji anaangalia ziwa. Mwanae ndo kanishika mkono mpaka nyuma ya jiko: banda jipya la kuku, paa jeupe, limeinamishwa kidogo maji yateleze. Nikiwa nimesimama pale mvua ikaanza, kuku wamekaa pakavuuu, wananiangalia.