Nahodha wa Mkoani alivyozama kwenye maji ya kiunoni

Jamani hii naisema mwenyewe kabla video haijawafikia, maana mpwa wangu keshaisambaza kwenye grupu la familia, imefika Wete, imefika Chake, imefika mpaka kwa wale walioko Muscat ambao hata salamu ya Idi hawajibu ila hii waliijibu ndani ya dakika mbili.

Iko hivi. Nlikwenda Uholanzi kumtembelea dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi Zwolle na mumewe na watoto. Siku ya tatu shemeji akasema kesho tunakwenda Giethoorn, kijiji ambacho sehemu yake ya zamani haina barabara ya gari, watu wanapita kwenye mifereji kwa boti. Mi nikacheka. Nikamwambia shemeji wangu, mimi mtoto wa Mkoani, Pemba, baba yangu kaenda dago, kambi ya wavuvi, mimi sijaota meno, leo unanipeleka kwenye mtaro? Hapo ndo nlipojiponza, maana asubuhi tunafunga mlango dada akasema haya, nahodha leo ni wewe.

Tukapanda treni hadi Steenwijk afu basi. Na kijiji wallahi kizuri, sisemi uongo. Nyumba nyingi zimekaa kila moja kwenye kijisiwa chake, na ukitaka kwenda kwako unavuka kidaraja cha mbao, na vidaraja hivyo vinapita 170. Bustani zimejaa maua mpaka unaona aibu kupiga chafya. Afu nyumba zimeezekwa matete! Nikauliza, akina nani hawa maskini bado hawajapata bati? Shemeji akanitajia bei ya nyumba moja nikakaa kimya mpaka kona ya pili. Kwetu ukiezeka makuti watu wanakuchangia, huku ukiezeka matete watu wanakupiga picha.

Yeye ndo akanieleza kwamba hiyo mifereji haikuchimbwa kwa ajili ya watalii. Zamani watu walikuwa wanachimba mboji, yaan udongo wa mimea iliyooza, kwenye bwawa, wanaikausha, wanaiuza kama kuni, na mifereji ilikuwa ya kuisafirishia. Na wa mwanzo walipofika walikuta pembe nyingi za mbuzi kwenye tope, ndo kijiji kikaitwa kwa jina la pembe ya mbuzi. Sisi tukikuta mbuzi tunapika supu tu, hatuna habari ya kuita kijiji.

Basi tukakodi boti. Wenyewe wanaiita fluisterboot, yaan boti inayonong'ona, kwa sababu ina mota ya umeme na betri. Kijana wa pale akaanza kunielekeza, hiki cha mbele, hiki cha nyuma, katikati inasimama, mi naitikia tu huku nimemwangalia kama mtoto anayemfundisha bibi yake kukuna nazi. Nikakaa tezi, kule nyuma. Nikasukuma ule mkono wa gia. Kimya. Nikasukuma tena. Kimya. Si mnajua, mi nimezoea injini ambayo ukiivuta kamba mpaka kuku wa jirani wanajua leo kuna safari. Nikamwita yule kijana, we hebu njoo, hii haijawaka! Akanionyesha kwa kidole. Nageuka, kumbe tushaondoka, na shemeji mguu mmoja uko gatini na mwengine botini, anazidi kurefuka, anataja majina ya mawalii. Alivyoruka akaangukia kwenye mkoba wa sambusa.

Dada hakusema kitu. Alizihesabu zilizopondeka.

Tukapita mifereji tukatokea kwenye ziwa linaitwa Bovenwijde, peupe, upepo safi, matete pembeni, ndege wanaruka. Hapo roho yangu ikarudi mahala pake. Nikaanza kuwahutubia watoto, huu upande wa upepo unaitwa joshi, ule wa pili demani, mbele omo, nyuma tezi. Shemeji naye akaleta zake, kwamba haya maziwa yote ni kazi ya wale wachimba mboji, walichimba sana wakabakisha vipande vyembamba vya ardhi, dhoruba zikaja zikavila, na mwaka 1776 maji yakameza kijiji kizima cha jirani kinaitwa Beulake. Leo eneo lote ni hifadhi ya taifa, Weerribben-Wieden. Nikamuuliza hapa kina chake kikoje? Akasema kama mita moja hivi. Nikacheka mpaka boti ikatikisika. Nikasema, na hiyo video inayo maneno yangu kamili, "sasa mtu mzima anazamaje kwenye maji haya?"

Nusu saa baadaye nikazama.

Tunarudi kijijini, mfereji mwembamba, mbele kuna foleni ya boti, watalii wa Kichina boti mbili, Wajerumani boti moja inazunguka yenyewe kama pia. Nikaona nisimamishe tusubiri. Nikaurudisha ule mkono, nikasikiliza, kimya, nikajua imezima. Nikasimama wima pale tezi ili niwape wenzangu ishara wapite. Kumbe ule mkono sijaufikisha katikati, boti inakwenda taratiiibu, na mbele yetu kuna kidaraja. Wenye boti wote wakainama. Mimi nawaambia hamna haja, tumesimama.

Hiyo ndo ajali ya polepole kuliko zote nilizowahi kuziona. Mchina mmoja aliiona inakuja, akafungua begi, akatoa kamera, akabadilisha lenzi, na bado akaiwahi. Daraja likanifika kifuani. Ningekaa tu yangeisha, lakini nahodha anakaaje mbele za watu? Nikalikumbatia nilizuie. Daraja halikwenda popote, iliyokwenda ni boti. Ikanitoka chini ya miguu kwa adabu kabisa, bila kelele, na dada yangu na sambusa zake na watoto wakapita chini ya daraja wakatokea upande wa pili, nami nimebaki naning'inia kama popo kwenye mwembe.

Mikono ikachoka. Nikadondoka.

Jamani yale maji ni baridi. Baridi ile ikanifuta akili yote, mita moja nikaisahau, nikapiga mbizi, nikapiga makasia kwa mikono na miguu, nikapiga shahada, nikaita "nazamaaa!" mara tatu. Pale ukingoni kulikuwa na bibi mmoja wa Kidachi anamwagilia maua yake. Hata ndoo hakuitua. Akasema kitu, nami nikaendelea kuzama. Akasema tena kwa sauti. Mpwa wangu akapiga kelele kutoka kule boti, simu iko mkononi, "Mjombaaa! Bibi anasema usimame!"

Nikasimama. Maji kiunoni.

Watu wakapiga makofi. Boti yetu wakati huo ilikuwa ishajipandia yenyewe kwenye bustani ya watu, imetulia kuliko muda wote nlioiendesha mimi. Na nlivyotaka kutoka, tope la mboji likanishika, nikavuta mguu, mguu ukaja, kiatu kikabaki. Wa pili vilevile. Wachimba mboji wa miaka mia tano ijayo watakutana na raba zangu wakipe kijiji jina.

Yule bibi, Mungu ampe kila la kheri, akanipa taulo na kahawa, akaingia ndani akarudi na viatu vyao vya mbao. Yaan mitalawanda! Ile ya kuvalia chooni kwa bibi yangu, ila imezibwa mbele na imepakwa rangi ya manjano. Imenizidi namba mbili. Nikaivaa hivyohivyo hadi kituoni Steenwijk, hadi kwenye treni, kwa-kwa-kwa, watu wote wanainua vichwa, na shemeji kahamia behewa jengine anasema anafuata chaji.

Usiku mzee akapiga simu kutoka Mkoani. Keshaiona. Nikajiandaa kwa matusi, lakini kanyamaza tu, nasikia redio yake nyuma. Afu akauliza, "Boti mlikodi bei gani?" Nikamwambia uro 40. Akataka nimgeuzie kwa shilingi, nikamgeuzia, inapita laki. Kanyamaza tena.

"Laki," akasema. "Si ungeniambia mwanangu, hapa Mkoani ningekuzamisha bure."